Ngumi ya Polly Farmer: kuwakumbuka wachezaji wa zamani wa futiboli ya Australia

Mabibi na mabwana, karibuni. Mpira alioushika kijana wa mstari wa mbele ni Sherrin, ule mwekundu wa mechi za mchana. Wa usiku huwa wa njano. Vipande vinne vya ngozi, kamba mgongoni, ncha mbili. Naomba uzunguke ukumbini mkono kwa mkono wakati nazungumza, na kila atakayeupokea aulaze kwenye kiganja cha mkono wake dhaifu. Mnaotumia kulia, uwekeni kushoto. Sikieni unavyotaka kuteleza. Utelezi huo tutaurudia.

Sasa. Kila yanapotajwa majina ya zamani katika mchezo huu, watu hukimbilia magoli. Gordon Coventry wa Collingwood, 1,299. Tony Lockett akampita mwaka 1999, akaishia 1,360. Bob Pratt 150 katika msimu mmoja wa 1934, Peter Hudson akafikia hesabu hiyohiyo 1971. Magoli yakiisha wanahamia kwenye miruko ya kudaka mpira hewani: Alex Jesaulenko fainali ya 1970, amempanda Graeme Jenkin kama mkwezi aliyefika kileleni mwa mnazi. Vizuri, sina ugomvi na Jesaulenko. Ugomvi wangu ni kwamba tukishamaliza magoli na miruko tunafunga mazungumzo, na mtu aliyeubadili mchezo wenyewe, namna mpira unavyotoka mkononi mwa huyu kwenda kwa yule, anabaki kuwa jina la barabara kuu pale Perth. Nasema habari za Graham Farmer. Walimwita Polly, jina la kasuku, tangu utotoni, kwa sababu alikuwa mtoto asiyenyamaza.

Alizaliwa 1935, Mnoongar, mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia, akalelewa katika makao ya watoto ya Sister Kate's. Polio ilimwachia mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Haya nayapita haraka kwa sababu mnayajua, na kwa sababu watu huyatumia kumwonea huruma, wakati uwanjani wapinzani wake ndio waliostahili kuhurumiwa. Mechi 356 za ligi: 176 East Perth, 101 Geelong, 79 West Perth. Urefu sentimita 191, na kwa kazi aliyoifanya leo angeambiwa ni mfupi. Kazi hiyo wenyewe huiita raki: zama zile refa aliudundisha mpira katikati, watu wawili warefu wakaruka kuugombea. Wengi wao walikuwa wakiusukuma tu, popote uangukie. Farmer aliruka mapema, akaegemeza mwili wake kwa yule mwingine, akapata muda hewani wa kuchagua. Akiuteremsha, aliuteremsha kwa Billy Goggin, yule mfupi aliyekuwa akipita chini yake kwa kasi, na Goggin hakuwa na haja ya kuinama.

Lakini nilitaka kuzungumzia ngumi. Pasi ya ngumi. Sheria inakataza kurusha; mpira ushikwe kwa mkono mmoja, upigwe kwa ngumi ya mkono wa pili. Kila mtu anajua hivyo, ndiyo maana hakuna anayetazama kwa makini. Tazameni mkono wangu. Kiganja cha mkono dhaifu kimeelekea juu, vidole vimefunguka, mpira umelala, ncha moja inatazama kule unakotaka uende. Kwenye ngumi kidole gumba kinakaa nje. Ukikifunika kwa vidole vingine utakivunja. Na kinachogusa mpira si vifundo. Ni huu ubapa wa juu, hapa gumba linapolala juu ya kidole cha shahada. Unapiga nyuma ya mpira, chini kidogo ya ncha. Mkono unatoka nyuma kama bembea, magoti yamekunjwa, mguu wa upande wa mkono ulioshika mpira umetangulia. Ngumi ikishapiga inatua kwenye kiganja, palepale mpira ulipokuwa. Ukifanya hivyo mpira unajiviringisha kinyumenyume, ncha juu ya ncha, na mpira unaokwenda hivyo unadakika hata ukiwa umelowa.

Makosa ni yaleyale miaka nenda miaka rudi. Mtu anasimama wima, ngumi inashuka kutoka juu, mpira unamfikia mwenzake kwenye kisigino. Mtu anaurusha juu kidogo kabla ya kupiga, filimbi inalia: umerusha, mpira wa wapinzani. Mtu anapiga kwa vifundo, mpira unayumba kama jani. Na kosa kubwa kuliko yote: anampa mwenzake aliyesimama. Aliyesimama akipokea mpira anapokea na adui yake papo hapo, anakamatwa, na pasi iliyotakiwa kuwa msaada imekuwa mzigo.

Farmer alifanyia mazoezi kwenye madirisha ya magari. Kioo kimeshushwa, mpira upite dirishani. Fikirini dirisha la gari la miaka ya 1950: ukipiga juu unagonga paa, ukipiga chini unagonga mlango, na mlango wa gari la mtu si kitu cha kuchezea. Anayeupitisha humo mara kwa mara hapati taabu ya kukiona kifua cha binadamu.

Na ngumi yake ilikuwa kwa ajili ya nini? Hapo ndipo ninapowaomba msikilize. Kabla yake ngumi ilikuwa kimbilio la aliyebanwa. Umekamatwa, huna nafasi ya kupiga teke, basi unaupiga ngumi kwa yeyote aliye karibu ukiomba Mungu. Ukidaka mpira wa juu, ulifanya alivyofanya baba yako: unarudi nyuma hatua kadhaa, mpinzani anasimama pale ulipodakia, ndivyo sheria inavyomtaka, unapanga mpira, unapiga teke refu. Zimepita sekunde ngapi? Za kutosha mabeki wote kugeuka na kila mmoja kumshika mtu wake. Unapiga teke refu kwenda kwenye msitu wa watu.

Farmer alidaka hewani, na miguu ilipogusa ardhi mpira ulikuwa umeshatoka. Yule mpinzani ameachwa amesimama, anamlinda mtu asiye na mpira. Aliyepokea yuko katika mwendo wake kamili, mpira umemfikia mbele yake, kati ya kiuno na kifua, hakupunguza hata hatua moja. Mabeki bado wanakimbia kurudi golini, migongo yao iko kwake. Ngumi imekuwa silaha ya kushambulia. Timu nzima lazima ibadilike kwa sababu hiyo: wakimbiaji wajifunze kuanza kukimbia kabla mpira haujadakwa, kwa kumwamini mdakaji. Mwaka 1963 Geelong waliwafunga Hawthorn katika fainali pointi 109 kwa 60, Farmer akiwa msimu wake wa kwanza kamili pale, maana mechi yake ya kwanza ya 1962 alikuwa ameumia goti na karibu msimu wote ukampotea.

Najua yuko mtu hapa ananyoosha mkono moyoni mwake: "Mbona ngumi ililetwa na Barassi, kocha wa Carlton, fainali ya 1970?" Kila mahali swali ni hilo. Haya, tuitazame hiyo 1970. Uwanja wa MCG, Melbourne, watu 121,696. Mapumziko Carlton wako nyuma ya Collingwood kwa pointi 44. Ron Barassi anawaambia vijana wake wapige ngumi, wapige ngumi, waende mbele. Ted Hopkins anatoka benchi anafunga magoli 4. Carlton wanashinda 111 kwa 101. Hakuna anayekataa. Lakini hesabuni miaka. Barassi alihamia Carlton 1965 kama nahodha na kocha. Farmer alikuwa nahodha wa Geelong 1965 hadi 1967. Misimu mitatu Barassi alisimama upande wa pili wa uwanja akiitazama ngumi ile ikifanya kazi. Alichofanya 1970 kilihitaji ushujaa, kuamuru timu nzima icheze hivyo ikiwa imeshachapwa nusu ya mechi, na sifa hiyo ni yake. Aliyeonyesha kwamba inawezekana ni Farmer. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mwingine atasema Len Smith. Huyo atakuwa amesoma, na nampa mkono. Len Smith, ndugu yake Norm Smith aliyekuwa kocha wa Melbourne, aliwafundisha Fitzroy mchezo wa kasi na wa ngumi miaka ya mwisho ya 1950, na maandishi yake ya ukocha yalipita mikononi mwa makocha wengi. Lakini wazo kwenye karatasi linahitaji mikono ya kulitekeleza. Farmer alikuwa Perth, upande wa pili wa bara, akiifanya kazi hiyo na East Perth waliotwaa ubingwa 1956, 1958 na 1959.

Sasa hili la kulinganisha. Vijana wanaomtazama Aliir Aliir, aliyezaliwa kambini Kakuma, Kenya, akidaka mpira mbele ya goli lake, huuliza kama wa zamani wangeweza kucheza leo. Swali limepinda. Kabla ya 1978 hapakuwa na kubadilishana wachezaji. Palikuwa na mtu wa 19 na wa 20 benchi, na aliyetoka ametoka, harudi. Kwa hiyo mtu wa raki kama Farmer alipochoka hakwenda kukaa kitini kunywa maji. Alipelekwa kupumzikia kwenye kona ya mbele, karibu na goli la wapinzani, na "kupumzika" kule maana yake ni kugombana na beki. Kabla ya 1969, ukipiga teke mpira ukatoka nje bila kugusa ardhi hukuadhibiwa, ulirushwa tu uwanjani upya. Timu zenye hofu zilicheza pembeni, teke la mstarini, mrusho, teke la mstarini, mrusho. Kupitisha mpira katikati kwa ngumi katika zama zile kulitaka moyo. Na mpira wenyewe ulikuwa ngozi iliyokunywa maji, kwenye matope ya Julai Melbourne. Ule utelezi mlioupata mkononi, ongezeni matope.

Naambiwa muda unakimbia. Nilipanga kuzungumza mengi juu ya mateke, nitayagusa tu. Teke la kudundisha, ambalo mpira unaangushwa na kupigwa wakati uleule unapogusa ardhi, lilikufa kwa sababu linadai ardhi ngumu na tambarare. Udongo ukiwa laini, mpira haurudi juu, na mguu unakuta matope. Likachukua nafasi teke la kuviringisha: mpira wima, upigwe ncha ya chini, uende ukijiviringisha kinyumenyume, kama ile pasi ya ngumi. Torpido ni jingine, mpira umelazwa mshazari juu ya mguu, unazunguka kama risasi; linakwenda mbali zaidi, lakini likikosewa kidogo linapinda vibaya. Malcolm Blight alilipiga mwaka 1976 dhidi ya Carlton, king'ora cha kumaliza mechi kimeshalia, North Melbourne wako nyuma pointi moja, akafunga kutoka mbali ambako hakuna mwenye akili angejaribu. Hudson yeye alilaza mpira bapa juu ya mguu, teke lisilopendeza kutazama, na akafunga magoli 727 katika mechi 129. Uzuri wa teke ni wa mpiga picha, Hudson alihesabu.

John Coleman wa Essendon nampa sentensi mbili, na anastahili jioni nzima. Magoli 12 mechi yake ya kwanza 1949, 537 katika mechi 98, kisha goti likamwishia 1954 akiwa na miaka 25.

Moja siliachi. Farmer alifariki Agosti 2019, akiwa na miaka 84, baada ya kuugua maradhi ya kusahau. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba ubongo wake ulikutwa na CTE, ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa tena na tena, na kwamba yeye ni mchezaji wa kwanza wa futiboli ya Australia kuthibitishwa kuwa nao. Mechi 356 za kuruka na kugongana hewani, katika zama ambazo aliyezimia kidogo alimwagiwa maji akaambiwa endelea, na benchi ikiwa ya watu wawili wasioweza kubadilishana, kocha alikuwa na sababu ya kumbakiza uwanjani. Picha za miruko tunazozibandika ukutani, tuzitazame na kichwa cha yule wa chini pia.

Maswali tutayapokea nje, maana nje kuna kazi. Kwenye mwembe tumetundika tairi la inchi 14. Tundu lake ni kama sentimita 35, mpira una unene wa sentimita 17 na ushee, basi nafasi ipo. Mwenye pampu aupime kwanza: paundi 9 hadi 11, usizidi, ukiwa mgumu unaruka kiganjani kabla ya ngumi. Tairi lining'inie usawa wa kifua. Anzeni hatua tano, safari hii mkono dhaifu ndio upige, mara kumi mfululizo bila kugusa mpira kwenye tairi, ndipo mrudi nyuma hatua moja. Atakayegusa anaanza upya. Na yule kijana wa mstari wa mbele, gumba lako liko ndani ya ngumi. Litoe.