Tairi la trekta likivuka ringi: maongezi na madereva wa Igurusi

Kamwene! Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Wale wa nyuma sogeeni huku kivulini maana spika yenyewe mnaisikia, inakoroma tu.

Najua wengi mmekuja mjue namna ya kulirudisha tairi la trekta likishavuka, yaani mdomo wake ukitoka kwenye ringi, tutafika huko. Ila kwanza tuulizane limetokaje. Tairi linashikwa pale na upepo, upepo ndo unasukuma mdomo wa tairi ukabana kwenye ukingo wa chuma, sasa upepo ukiwa kiduchu halafu ukakata kona na tela limejaa, mdomo unateleza unadondokea katikati ya ringi, umekwisha.

Na sisi wa Usangu upepo tunautoa makusudi, tusidanganyane hapa. Jarubani, kwenye shamba la mpunga lenye maji, tairi laini linakanyaga pana, halizami hovyo, mi sipingi, dereva anayefanya hivyo anajua kazi. Shida inaanza jioni. Mtu katoka jarubani na upepo wa paundi 8, kafunga tela, magunia ya mpunga mpaka juu, huyoo kapanda lami anaelekea Chimala na upepo ule ule wa kwenye tope! Barabarani na mzigo tairi nyingi za nyuma zinataka paundi kama 16 mpaka 20, angalia kitabu cha trekta lako na ubavuni pa tairi. Halafu likivuka tajiri analaumu tairi feki wakati kwenye trekta hakuna hata geji ya kupimia upepo.

Haya, limeshavuka. Usilisogeze hata futi moja, nasema hata futi moja, kwa sababu ringi itazunguka tairi limebaki nyuma, tyubu inavutwa na valvu inakatika pale shinani, hapo hata pancha huzibi, unanunua tyubu. Shusha jembe chini, weka mawe kwenye tairi zilizobaki, jeki iwekee ubao chini halafu panga magogo chini ya ekseli. Jeki peke yake kwenye udongo wetu huu mweusi usiiamini.

Kama mdomo umevuka upande wa nje tu, wala huna haja ya kufungua nati, fanyia hapo hapo. Toa kile kipini cha ndani ya valvu upepo wote uishe, chomoa tyubu, ipime kwenye maji. Sasa pitisha kiganja taratibu pale mdomo wa tairi unapokaa kwenye ringi. Utakuta tope limekauka gumu kama tofali, mabua ya mpunga, na kutu inamenyeka vipande vipande. Hii ndo sehemu mafundi wetu wanairuka kwa haraka zao, na ndo maana tairi linarudishwa leo keshokutwa limevuka tena. Piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Ukingo uliopinda unyooshe. Na waya za ndani ya mdomo zikiwa zimekatika au zimekunjika, hilo tairi kaa nalo mbali, halijazwi.

Kupakaa, sabuni ya mche iliyovurugwa kwenye maji iwe nzito, basi. Si grisi, si oili chafu, oili inakula mpira na tairi litaendelea kuteleza kwenye ringi.

Ukishapaka, rudisha tyubu na mdomo wa tairi ndani ya ringi. Sasa kujaza, na hapa naomba utulivu maana hapa ndo watu wanakufa. Tunaazima upepo kwenye tanki la Fuso, sawa, lakini lile tanki linafika paundi 100 na ushee na hujafunga geji, unajazaje kwa kukisia? Mwisho ni paundi 35. Mdomo haujakaa kwa 35, toa upepo wote, paka sabuni upya, anza tena. Usiongeze, waya zikikatika ringi na tairi vinaruka. Mpira wa upepo uwe mrefu, wewe simama usawa wa meno ya tairi, usisimame ubavuni, na watoto wafukuze. Utasikia pwaa, usishtuke, ndo mdomo unakaa. Kuna mstari mwembamba wa mpira jirani na ringi, uangalie umeachana na chuma sawasawa kuzunguka lote. Halafu toa upepo tena mara moja tyubu ijinyooshe mikunjo, ndo ujaze wa kazi.

Na wale wa kumwaga petroli ndani wakawasha kiberiti ili mlipuko ukalishe mdomo, wameona kwenye simu... jamani. Tairi lenye tyubu unaunguza tyubu yako, na lisilo na tyubu unalipua bomu mkononi. Lisilo na tyubu zungushia mkanda wa kufungia mzigo katikati ya meno, kaza, midomo itasukumwa nje ikaguse ringi, hapo upepo utashika.

Eeh kaka pale umenyoosha mkono. Tairi lenye maji, yale tunayojaza ndani kuongeza uzito? Swali zuri sana. Hilo la nyuma la saizi 18.4-30 likiwa na maji robo tatu unazungumzia zaidi ya kilo 200 za maji tu, kwa hiyo ukishapiga jeki zungusha ringi pole pole valvu iwe chini, yatoke kwanza ndo ushike mtaimbo. Kuyarudisha, valvu iwe juu, jaza mpaka maji yafike usawa wa valvu, yakianza kutoka acha, juu malizia na upepo. Na kupima vile vile, valvu juu, ikiwa chini geji inakunywa maji na namba inakudanganya.