Kitambaa Kinyamavu: Mazungumzo na Washonaji wa Mifarishi, Dodoma

Mbukwenyi! Asanteni. Mama zangu, dada zangu, na mafundi wawili wa kiume ninaowaona kule nyuma karibu na mlango, karibuni. Naona wengi mmekuja na viroba vyenu kama nilivyoomba. Viwekeni miguuni kwanza, tutavifungua baadaye.

Nimeombwa nizungumzie akiba ya vitambaa kwa mtu anayeshona mifarishi. Mfarishi ni neno letu, limo kwenye kamusi, na mimi nalipenda, maana ukimwambia mteja "blanketi la viraka" anadhani unamuuzia umaskini.

Sasa nibahatishe kilichomo kwenye viroba hivyo. Vitenge. Vyekundu, vya njano, vya bluu ya kukolea, maua makubwa kama sahani za pilau. Kila kimoja ulikinunua kwa sababu kilikuita dukani. Na tabu inaanzia hapo hapo. Kitenge kilichotengenezwa kimpambe mtu mzima kuanzia kifuani hadi miguuni, ukikikata vipande vya inchi tano na kukiweka jirani na wenzake, vyote vinapiga kelele kwa pamoja. Ni kama harusi tano ndani ya ukumbi mmoja, kila moja na MC wake.

Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa na nyota kubwa nyekundu juu ya kijani. Niliikata kwa uangalifu, nikashona wiki tatu, nikautandika kitandani, nikarudi nyuma hatua mbili. Nyota haikuwepo! Nyekundu ile na kijani kile vilikuwa na giza sawasawa. Jicho husoma umbo kwa mwanga na giza kabla halijashughulika na rangi. Siku hizi napanga vipande sakafuni, napiga picha kwa simu, kisha naiondolea rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Vipande vikitoka kijivu kimoja, sishoni. Simu ikiwa imezima chaji, finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Utaona kitu kile kile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa leo ni huu mmoja: acheni kununua vitambaa vizuri kwa muda. Tafuteni vinyamavu. Vyeupe, vya maziwa, vya kijivu, vyenye vidoa vidogo au mistari myembamba. Katika kila yadi tatu za akiba yako, yadi moja iwe hiyo.

Cha kwanza ni merikani. Msikunje pua. Hapa Ugogo hatuna sababu ya kuidharau merikani. Karne ya 19, misafara iliyotoka Pwani kwenda Unyanyembe, kule Tabora, haikupita nchi hii bure. Ilisimama kwa watemi, ikalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo hiyo ilihesabiwa kwa vitambaa: merikani nyeupe, kaniki nyeusi. Shuka ilikuwa yadi mbili, doti yadi nne. Jina lenyewe limetoka Marekani, kwa sababu kitambaa kile kilifumwa huko, kikavuka bahari mpaka Zanzibar. Basi mtu anayeficha doti za merikani sandukuni hapa Dodoma hajaanza jambo geni.

Cha pili ni mashati ya kiume ya mtumba. Shati jeupe la pamba lililochakaa kola linauzwa kwa bei ya kutupa, na mgongo wake peke yake unakupa miraba 12 bila kubana. Cha tatu mnacho tayari na hamkijui. Geuzeni kitenge. Vile vya bei nafuu vilivyochapwa upande mmoja, upande wa nyuma rangi imefifia. Huo ni kitambaa cha pili ulichopewa bure.

Khanga nazo zina kazi yake. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, mara nyingi una nafasi tulivu, na pindo linafaa sana kuzungushia ukingo. Ila ni nyembamba kuliko kitenge, na ukiziunganisha bila mpango, kitenge kinaivuta mpaka inafanya mawimbi. Na jina usilikate katikati. Mama mkwe atasoma nusu, halafu nusu iliyobaki ataijazia mwenyewe.

Kiasi gani kinatosha? Tupige hesabu ya fundi. Kitanda cha futi tano kwa sita, mfarishi uning'inie kidogo, tuseme inchi 70 kwa 85. Ukikata miraba ya inchi 5 na nusu, kila upande mshono unakula robo inchi, unabaki na inchi 5. Unahitaji 14 kwa 17, yaani 238. Kitenge chenye upana wa inchi 45 kinatoa miraba 8 kwa upana na 6 kwa kila yadi, jumla 48. Yadi tano zinakupa 240. Wanaonunua pea nzima ya yadi sita kwa kila rangi inayowapendeza, mnaona wenyewe fedha inapolala.

Kabla kitambaa hakijaingia akibani, kichomoe nyuzi mbili uziunguze kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuganda kama ushanga. Mimi muuzaji mmoja aliniapia ni pamba tupu, nikaamini, na pasi ikaondoka na kipande chote. Kisha fua. Wanga wa dukani utoke, kitambaa kinywee mapema na si baada ya kushonwa. Chekundu kifue peke yake mpaka maji yawe meupe. Chumvi mnayoambiwa haifungi rangi ya kitambaa kilichokwisha kuchapwa. Inaongeza tu gharama ya chumvi.

Kukihifadhi sasa. Wenzetu wa Tanga wanapigana na ukungu. Sisi tuna vumbi jekundu, jua, na mchwa. Mchwa waliwahi kunilia sanduku la mbao kutoka chini, juu likiwa limekaa kwa heshima zake. Nilipoinua mfuniko nikakuta mafungu yamekuwa udongo. Tangu siku hiyo nina sanduku la bati juu ya matofali manne, limeachana na ukuta. Majani makavu ya mwarobaini nayatia kwenye kimfuko cha kitambaa, si juu ya vitambaa vyenyewe, yasiache madoa.

Kukunja: kata kadibodi ya upana mmoja, kila kitambaa ukizungushie humo, ukitoe, ukisimamishe wima kama vitabu. Ukivilaza, cha chini utakisahau na kesho utanunua kingine kama hicho hicho. Nayajua hayo kwa sababu nina vitenge vitatu vya bluu vinavyofanana. Panga kwanza vyeupe, vya kati, vyeusi, rangi baadaye. Vipande vilivyo chini ya kiganja vipeleke kwenye kikapu chake, na kila kikijaa, washonee wajukuu mito.

Haya, fungueni viroba. Kila mtu atoe vitambaa vinyamavu aviweke mkekani hapa mbele. Tuanze na mama mwenye kiroba cha bluu. Hapana mama, hicho si kinyamavu, kina tausi.