Jihadharini na Gari la Pili

Mhadhara kwa wakaguzi wa polisi wa kata, wenyeviti wa serikali za mitaa, walimu na viongozi wa vijiwe vya bodaboda, Mbagala, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, maafande wetu, wenyeviti wa mitaa, walimu, na nyinyi wa vijiwe mliokaa karibu na mlango ili abiria akipiga simu mchomoke: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna polisi wa kata wanavyowafikishia wananchi ujumbe wa usalama. Nadharia za mawasiliano ninazo, ndizo zinazonipa mkate, lakini kwa joto hili tutagombana. Nina jambo moja tu. Matangazo mengi ya usalama tunayoyasikia ni ya kweli, yana nia njema, na aliyeyasikia hajui afanye nini.

"Tii sheria bila shuruti." Nani anaipinga? Sasa chukua mama anayetoka kununua samaki, beseni kichwani, mtoto mkononi, amesimama ukingoni mwa Barabara ya Kilwa saa kumi na mbili jioni. Tangazo hilo limepita kwenye spika. Abadilishe nini? Asimame wapi? Amtazame nani? Yeye sheria hajaivunja. Shida yake ni kuvuka.

Tubaki na mama huyo, maana hapo barabarani ndipo penye kazi yenyewe.

Anafika kwenye zebra. Dereva wa kwanza ni mstaarabu, anasimama, pengine anampungia mkono apite. Mama anaingia. Njia ya pembeni yake kuna dereva mwingine ambaye haoni zebra wala mama, anaona Coaster imesimama, naye anajua Coaster inasimama kushusha. Anaipita. Wengi humu ndani mnamjua mtu aliyegongwa hivyo, naona vichwa vinatikiswa. Gari la kwanza lilisimama, la pili ndilo lililogonga. Na lile la kwanza, kwa wema wake wote, ndilo lililomziba.

Hapo kuna matangazo mawili, na kila moja ni la pumzi moja. Kwa anayevuka: gari la kwanza likisimama, nenda mpaka usawa wa bonati yake, simama, chungulia la pili, ndipo upite. Kwa dereva: ukikuta gari limesimama kwenye zebra, hujui linaona nini, simama na wewe, kulipita ni kosa. Afande, ukisema hivyo kwenye mkutano wa mtaa mama anaondoka na kitu cha kufanya kesho yake asubuhi. Mtoto wa darasa la pili naye anakielewa.

Barabara zetu za mabasi ya mwendokasi, yenye njia zao wenyewe katikati, zimeongeza hesabu. Tangu mabasi yale yaanze Barabara ya Morogoro mwaka 2016, na sasa huku Kilwa, anayevuka anavuka mara nne. Kwanza magari ya kawaida kutoka kulia. Halafu basi la mwendokasi, bado kutoka kulia. Kisha basi jingine kutoka kushoto. Mwisho magari ya kawaida kutoka kushoto. Na katikati ya hayo yote, bodaboda aliyeingia njia ya mwendokasi kukwepa foleni, ambaye anaweza kutokea upande wowote anaoutaka yeye. (Nyuma pale mnacheka. Mnajijua.) "Vukeni kwa uangalifu" haimsaidii mtu aliyekulia barabara ya njia mbili. Mpelekeni pale pale, wakati magari ni machache, mhesabu naye: moja, mbili, tatu, nne.

Kuhusu mwendo, tumezoea kusema unaua. Unaua, ndiyo, lakini dereva anayeambiwa hivyo kila siku na kila siku anafika salama ameshajiona yeye si wa kundi hilo. Mpeni vipimo. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wetu kwenye makazi, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80, mita 22. Basi dogo la Coaster lina urefu wa karibu mita saba. Kwa hiyo dereva wa 80 akishtuka, sekunde moja ikapita kabla mguu haujafika kwenye breki, ameshapita urefu wa Coaster tatu, na gari bado halijaanza hata kupunguza mwendo. Zipangeni Coaster tatu pale stendi siku ya semina, madereva watembee kutoka ya kwanza hadi ya tatu kwa miguu. Wakifika mwisho hamtahitaji kuwahubiria.

Tena tuwe wakweli kuhusu kinachomkimbiza dereva. Daladala ina hesabu ya tajiri, na hesabu hiyo haijui foleni. Bodaboda wengi wako kwenye mkataba, kila siku fedha fulani mpaka pikipiki iwe yake. Saa kumi jioni hesabu haijatimia, unategemea nini? Sijaona wiki ya usalama barabarani ambapo wenye magari wanaitwa wakakalishwa kwenye viti hivi. Wanaitwa madereva na makondakta, wanaonywa, wanarudi kwa tajiri yule yule. Mwenyekiti, wamiliki wengi unawajua kwa majina, wengine ni majirani zako. Barua ya mwaliko inaanzia ofisini kwako.

Nije kwenu wa vijiwe. Kofia ngumu. Kila pikipiki niliyoiona nje pale ina kofia, nyingi zimening'inizwa kwenye usukani kumridhisha trafiki. Shirika la Afya Duniani linasema kofia iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali kwa zaidi ya mara sita. Neno la kushika hapo ni "sawasawa": ukanda wa kidevuni usipofungwa, kofia inaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Abiria naye hataki kuivaa. Tumemwita mkaidi, mjinga, anayejitakia. Ila hakuna aliyemuuliza kwa nini. Muulizeni dada aliyetoka kusuka jana atawaambia: kofia ya boda imevaliwa na vichwa ishirini tangu asubuhi, ina jasho, inanuka, na itambomolea nywele alizolipia. Hiyo ni sababu ya mtu mwenye akili timamu. Na dawa yake ipo: abiria atembee na kitambaa au kofia laini ya kuvaa ndani, kijiwe kiwe na utaratibu wa kuanika kofia juani mchana na kuzifuta. Tangazo likisema "njoo na kitambaa chako, kofia zetu zimeanikwa", limejibu kile ambacho dada anakiwaza. Likisema "vaa kofia, okoa maisha", ameshalisikia.

Mishikaki sitaizungumzia sana. Mnajua watu watatu juu ya pikipiki moja si safari, na mnajua kwa nini mnawapakia. Wale watoto wa shule wanaopakiwa wanne, hao naomba afande na mwalimu mkuu mkae na wazazi wao wanaolipa, maana boda amepewa kazi na mzazi.

Nimetaja shule. Duniani watu kama milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko hicho. Kuna kazi iliyofanyika jijini humu humu ambayo watu wa nje wameipa heshima kuliko sisi wenyewe. Shirika la Amend lilikwenda shule kwa shule kupitia programu yake ya SARSAI, likatazama watoto wanapita wapi hasa, kisha likajenga njia za miguu, matuta, vivuko, na penye nafasi geti la shule likahamishwa kutoka barabara kubwa kwenda ya uchochoroni. Mwaka 2019 programu hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, ile ya WRI Ross Center, kituo cha utafiti wa miji. Ninaitaja kwa sababu kuna mahali maneno yanakoma. Mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria mwendo wa lori linalokuja, umbo lake na akili yake bado. Kumwimbia nyimbo za usalama ni vizuri, lakini tuta halisahau. Polisi kata akiona watoto wanavukia mahali fulani kila siku saa moja asubuhi, taarifa yake iende kwa wakala wa barabara wa serikali, TARURA au TANROADS, kwa maandishi, na nakala ibaki kwa mwenyekiti ili kuwe na wa kuifuatilia.

Sasa usalama wa mitaani, ambako tangazo linalochelewa huwa na madhara yake.

Mnakumbuka mwanzoni mwa Januari 2015. Jioni moja jiji hili lilikimbia. Maduka yalifungwa, watu waliacha magari, kila simu ilikuwa na ujumbe kwamba Panya Road, wale vijana wanaopora kwa makundi, wako Magomeni, wako Sinza, wako Mwananyamala, wako kila mahali kwa wakati mmoja. Kwamba vijana wa namna ile walikuwepo na waliumiza watu, hilo si uzushi, na mwaka 2022 tuliliona tena kwa uchungu. Lakini jioni ile hofu ilikwenda mbali kuliko miguu ya kijana yeyote. Watu walikuwa na swali moja, je, mtaani kwangu kuna kitu? Ofisa akisubiri apate picha kamili ndipo aseme, jibu linatolewa na yeyote mwenye bando. Ni afadhali mkaguzi atume sauti fupi kwenye kundi la mtaa: niko kituoni, tukio lililothibitishwa ni hili, yale mengine tunayafuatilia, saa tatu usiku nawarudia. Na saa tatu arudi kweli, hata kama hana jipya.

Matapeli wa simu nawapitia haraka kwa sababu pale ujumbe tayari umekaa vizuri. "Ile hela tuma kwenye namba hii": usijibu, usipige, upeleke ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna kitendo, kuna namba, basi.

Namba ya dharura, 112, nayo iongezewe kitu kimoja. Anayepiga anaulizwa uko wapi, anajibu "hapa kwa Mangi, nyuma ya msikiti". Jiji lina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na kina Mangi hawahesabiki. Mwaka huo huo nyumba zilibandikwa vibao vya anwani za makazi. Wafundisheni watoto nyumbani kuisoma namba ya mlangoni kwa sauti.

La mwisho, afande, na ninalisema kwa heshima. Mnaomba taarifa za wahalifu, mnalalamika wananchi hawatoi. Mtu anapiga simu kwa siri usiku kwamba nyumba fulani inaingiza vitu vya wizi. Asubuhi gari lenye namba za polisi linaegeshwa mlangoni kwake yeye, na askari anauliza kwa sauti, "ni wewe uliyetupigia?" Hadi magharibi mtaa mzima umeshajua. Hakuna kipeperushi kitakachorudisha imani hiyo. Vivyo hivyo kwa aliyeumia: fomu ya PF3, ile ya polisi anayokwenda nayo hospitali, haiuzwi, na majeruhi akianza kuzungushwa kaunta, ndugu zake wote watano waliomleta wameshapata ujumbe wao kuhusu polisi, na wataueneza kuliko redio.

Ninachowaomba leo kinafanyika kabla hatujanywa chai. Kila mkaguzi achukue tangazo moja ambalo angelisoma wiki hii. Akae na mtu wa kijiwe, mwalimu mmoja na mama mmoja kati ya hawa walioko mbele. Amsomee mama, kisha amuulize: kesho asubuhi utafanya nini tofauti? Akishindwa kujibu, kalamu ziko mezani, liandikeni upya hapo hapo. Naona kaka wa kijiwe ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja njia ya mwendokasi. Haya, kaka, anza wewe.