Bahari Imechelewa, Faini Shilingi 1,000

LUGANO: Imewaka? Taa nyekundu imewaka. Haya, karibuni tena kibarazani, hapahapa Soweto, Mbeya mjini. Mimi ni Lugano. Waliouliza wiki jana mbona nimeongea peke yangu kama mlinzi wa zamu ya usiku, jibu limerudi, limeungua pua.

ATUPELE: Hamjambo wapenzi. Pua na mabega. Na sijutii.

LUGANO: Wasikilizaji hawaoni, ngoja niwaonee. Shemeji yangu ana bangili ya plastiki mkononi, ya bluu, ile wanayokuvisha hotelini ili ujulikane umelipia chakula. Karudi siku ya tano leo.

ATUPELE: Haitoki kwa sabuni. Inataka mkasi.

LUGANO: Mkasi uko hapo mezani.

ATUPELE: Nauona.

LUGANO: Sawa. Leo nina karatasi. Nimeandika mambo matano ya kuzingatia kabla hujalipia hoteli ya ufukweni Unguja, na safari hii tutayamaliza, kwa sababu saa kumi kwaya wanaingia chumba cha pili, na ngoma zao mnazijua. Anza na safari yenyewe, kwa kifupi.

ATUPELE: Kwa kifupi, tumevunja kikoba, kile chama chetu cha akiba. Mwaka umeisha, sanduku limefunguliwa kufuli zote tatu, na safari hii kila mtu akakubali kukata kidogo kwenye gawio lake. Wanawake kumi na mmoja wa Uyole. Basi la alfajiri, Kitonga tumeshuka tumefumba macho, Dar tumelala sebuleni kwa dada wa mwenzetu, wote, kama viazi kwenye kiroba. Asubuhi boti ya saa moja, masaa mawili hivi. Wawili walitapika. Tuyaache hayo.

LUGANO: Na hoteli alitafuta nani?

ATUPELE: Mweka Hazina.

LUGANO: Kumbe! Wasikilizaji wa zamani mnamkumbuka Mweka Hazina. Ndiye aliyemtoza faini pasta kwa kuchelewa kufunga kikao kwa sala.

ATUPELE: Alichelewa! Basi Mweka Hazina kapiga simu hotelini, kataka bei ya mkaazi, katuma picha za vitambulisho vya NIDA kumi na moja, kaomba na punguzo juu ya hiyo bei ya mkaazi. Wakampa. Nadhani walichoka. Tukafika pwani ya mashariki saa tano asubuhi, tukapewa maji ya madafu na vitaulo vya baridi vya kufutia uso. Mama mmoja akashukuru, akakitia chake kwenye mkoba. Tukavishwa bangili. Tukaambiwa piteni huku, bahari iko mbele yenu. Tukapita katikati ya minazi. Lugano, bahari haikuwepo.

LUGANO: Haikuwepo vipi?

ATUPELE: Haikuwepo! Mchanga mweupe, halafu mchanga mwingine, halafu vidimbwi, halafu ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe waliokula wakashiba, halafu mbali kabisa, mbali kama hapa na Mafiati, kijimstari cheupe cha mawimbi yanavunjikia mwambani. Tumesimama kumi na mmoja na mabegi yetu. Mweka Hazina akaweka lake chini, akamgeukia kijana wa mapokezi, akauliza, "Iko wapi?"

LUGANO: [anacheka] "Iko wapi!"

ATUPELE: Kijana wa watu anasema, maji yamekupwa mama, yatarudi jioni. Jioni saa ngapi? Kama saa kumi na nusu. Mweka Hazina akatoa daftari. Lile lile la kikoba, kaja nalo! Akaandika: bahari, saa kumi na nusu.

LUGANO: Ikaja?

ATUPELE: Siku ile ikaja, saa kumi na nusu imejaa mpaka kwenye ngazi. Tumeogelea, yaani tumesimama ndani ya maji tumeshikana mikono. Kesho yake saa kumi na nusu tumekaa tayari, tumejifunga khanga. Bado. Inasogea, lakini bado. Imekuja kujaa saa kumi na moja na dakika kumi. Sasa, katiba ya kikoba chetu inasemaje kuhusu kuchelewa?

LUGANO: Shilingi elfu moja.

ATUPELE: Kafungua ukurasa mpya. Juu kaandika: Mwanachama namba 12, Bahari ya Hindi. Kuchelewa dakika 40. Faini 1,000.

LUGANO: [anacheka sana] Ngoja. Ngoja ninywe maji.

ATUPELE: Siku ya tatu ikaja karibu saa kumi na mbili kasorobo. Faini ya pili. Siku ya nne imejaa giza linaingia. Mweka Hazina amekaa kwenye kile kitanda cha jua na tochi ya simu, anaandika. Wazungu wa pembeni wakadhani anatunga mashairi.

LUGANO: Shemeji, hapa niruhusu nivae kofia ya mwalimu wa jiografia.

ATUPELE: Hujawahi kuivua.

LUGANO: Bahari ile haikuchelewa. Inafuata mwezi. Dunia inajizungusha mara moja, lakini wakati inajizungusha, mwezi nao umeshatembea kidogo, kwa hiyo dunia inahitaji kama dakika 50 za ziada kuufikia tena pale ulipokuwa. Maji yanajaa mara mbili kwa siku, na ndiyo maana kila siku yanasogea mbele, mara dakika arobaini, mara saa nzima. Mlikwenda mwezi ukiwa mpevu?

ATUPELE: Mpevu. Tulioga na mwanga wake.

LUGANO: Basi mmekuta bamvua. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Mngekwenda wiki moja baadaye, mngekuta maji mafu. Yangeondoka kidogo tu, na saa za kujaa zingekuwa asubuhi ya saa nne, saa tano. Na mngekwenda Nungwi au Kendwa kule kaskazini, ufukwe unashuka haraka, bahari haihami hivyo. Pwani ya mashariki ni bapa, Paje, Jambiani, kote kule.

ATUPELE: Haya yote kijana wa mapokezi aliyasema. Akapata swali. Mweka Hazina kamwambia, kwa hiyo aliyechelewa ni mwezi? Tukaitisha kikao cha dharura wakati wa chakula cha usiku. Ajenda: faini iandikwe kwa bahari au kwa mwezi.

LUGANO: Mkaamua nini?

ATUPELE: Katiba, ibara ya saba, mwanachama akichelewa kwa sababu ya usafiri wa mtu mwingine, bado analipa yeye. Wakadaiane wenyewe huko mbele, bahari na mwezi.

LUGANO: Lakini kisheria bahari haikupewa taarifa ya kikao.

ATUPELE: Ilipewa, kijana wa mapokezi ni shahidi. Na ngoja, kuna jambo lilimuuma zaidi Mweka Hazina. Kama maji yanajaa mara mbili, na mara moja ni jioni, ile ya pili iko wapi?

LUGANO: Alfajiri.

ATUPELE: Saa kumi na moja alfajiri! Akasema sisi tumelipia bahari mbili kwa siku na tunatumia moja. Siku ya tatu akatuamsha. Kavaa sweta lake la Uyole, la kijivu, chini khanga. Mlinzi kammulika tochi, "Mama vipi?" Kamwambia, "Nafuata haki yangu."

LUGANO: [anagonga meza] Huyu mama aingie bungeni.

ATUPELE: Na ilikuwepo. Imejaa, imetulia, hakuna mtu. Tulikuwa watatu tu. Yale maji yana joto kuliko hewa ya Mbeya mchana, Lugano. Nilikaa mle mpaka vidole vikakunjamana.

LUGANO: Sawa. Namba moja kwenye karatasi yangu ilikuwa kuhusu...

ATUPELE: Bado sijamaliza. Siku hiyo hiyo, saa tano bahari imeondoka tena, tukaifuata kwa miguu. Tukakuta kina mama wako kwenye maji ya magotini, wanafunga mwani. Vigingi mistari mistari, kamba katikati, kila kamba na vishada vyake. Nilidhani ni shamba la mtu mmoja mkubwa. Hapana, kila mama na kamba zake, kama matuta yetu ya viazi. Mmoja akatuambia mwani ukifungwa unakaa kama wiki sita ndio unavunwa, unaanikwa, unauzwa mkavu. Na kazi yenyewe ni siku hizo za bamvua, maji yakitoka mbali. Akacheka, akasema, "Nyinyi mnangoja yaje, sisi twangoja yaondoke."

LUGANO: Safi kabisa.

ATUPELE: Mweka Hazina akamuuliza jambo moja tu. "Mna kikoba?" Wanacho. "Kikao saa ngapi?" Hakina saa. Kikao ni maji yakijaa, kazi imekwisha. "Sasa mtu akichelewa mnajuaje?" Yule mama akamtazama. Mweka Hazina akafunga daftari, tukarudi kimya.

LUGANO: Anaitwa nani?

ATUPELE: Nani?

LUGANO: Yule mama wa mwani.

ATUPELE: Sikumuuliza.

LUGANO: Hukumuuliza.

ATUPELE: Lugano, najua unakokwenda.

LUGANO: Siendi popote. Nauliza tu. Siku nne Zanzibar, na mtu mmoja tu mliyekaa naye mkaongea, jina hamna. Mlimkaribisha chai?

ATUPELE: Wapi? Pale kuna kamba na mlinzi. Ambaye hana bangili hapiti.

LUGANO: Ndiyo hoja yangu! Wewe hukwenda Zanzibar, shemeji. Ulikwenda ndani ya ukuta uliojengwa Zanzibar. Mji Mkongwe mliuona kupitia dirisha la gari. Pweza hukumla kwa wenyewe. Jasho la kikoba la mwaka mzima limeingia kwa mwenye ukuta, na yule mama wa mwani aliyeko mita mia hajapata hata ya soda.

ATUPELE: Umemaliza?

LUGANO: Bado. Ungekwenda Matema...

ATUPELE: Nilijua! Wasikilizaji, mmehesabu? Dakika ishirini na tatu, katimiza. Hakuna kipindi bila Matema.

LUGANO: Matema Ziwa Nyasa liko pale pale asubuhi, mchana, usiku. Mita 700 kwenda chini na halijawahi kutozwa faini. Milima ya Livingstone inasimama mgongoni kwako. Ukienda Ikombe kwa Wakisi, yule mama mfinyanzi aliyekuuzia chungu mwaka juzi, mnapigiana simu mpaka leo. Mwanaye alipofaulu ulituma hela. Huo ndio utalii.

ATUPELE: Matema nani alipika?

LUGANO: Hilo ni...

ATUPELE: Nani alipika?

LUGANO: Tulisaidiana.

ATUPELE: Mlichoma samaki wawili mkapiga picha. Mimi na mdogo wangu, mkeo, tulibeba sufuria kutoka hapa, tumepika watu tisa siku tatu, tumeosha vyombo ziwani, na lile ziwa lako tumeliona kwa mgongo. Sasa nisikilize. Tangu nimeolewa, miaka kumi na tisa, sijawahi kuamka siku nne mfululizo bila mtu kuniuliza tunakula nini. Hata nikiumwa wananiuliza. Pale nimeamka, nimekuta uji, mayai, mkate wa kumimina, matunda, na kijana ananiuliza mimi, mama utapenda nini. Mweka Hazina alilia, Lugano. Siku ya kwanza, mbele ya chapati. Hakuandika popote.

LUGANO: Sikatai kupumzika. Nasema kupumzika kungewezekana kwenye nyumba ya wageni ya kijijini, mwenyeji anakupikia, hela inabaki pale, na jina unalijua.

ATUPELE: Nikifika kwa mwenyeji nitakwenda jikoni kumsaidia. Unanijua. Nitamenya vitunguu dakika ya kumi. Ule ukuta unaoulaumu ndio ulionizuia kuingia jikoni.

LUGANO: Basi tatizo ni lako, si la mwenyeji.

ATUPELE: Ni langu, ndiyo, na nimelilipia dawa. Wewe ulikwenda semina Dodoma wiki nzima, umetoka hotelini? Ulijua jina la nani? Mbona hakuna aliyekuuliza kama uliiona Dodoma?

LUGANO: Ile ilikuwa kazi.

ATUPELE: Na hii ilikuwa nini?

LUGANO: Hapana, hapo hatukubaliani. Mtu akila siku nne mahali, ana deni kwa watu wa mahali pale, angalau la kuwajua.

ATUPELE: Nimewadai wengi kuliko ninavyodaiwa. Siombi radhi.

LUGANO: Sikutaka uombe radhi.

ATUPELE: Ulitaka.

[kimya]

LUGANO: Hiyo ni ngoma?

ATUPELE: Ni kwaya. Wanakaza ngozi.

LUGANO: Karatasi yangu! Mambo matano. Namba moja: kabla hujalipia, tazama kalenda ya mwezi, maana...

ATUPELE: Hiyo tumesema.

LUGANO: Namba mbili, bei ya mkaazi...

ATUPELE: Tumesema pia.

LUGANO: Namba tatu hatujasema. Viatu vya kuingilia majini, kwa sababu kule mwambani kuna yule mdudu mweusi wa miiba...

[ngoma, sauti za soprano]

ATUPELE: Hawakusikii! Zima, zima. Subiri, Mweka Hazina kanitumia ujumbe asubuhi niusome hewani. "Mwanachama namba 12 anadaiwa shilingi 3,000. Anayekwenda Unguja mwezi ujao amkumbushe."

LUGANO: Na mkasi je?

ATUPELE: Uache hapo hapo.