Nani Amempunja? Uadilifu katika Kazi Zilizogawanyika

(Mhadhara kwa vijana wanaohitimu, Mtwara mjini)

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Newala, Masasi hadi Nachingwea, na ninyi wanangu mnaohitimu, nawasalimu kwa salamu za dini zenu zote.

Nimeombwa nizungumzie maadili ya taaluma. Nitaanza na korosho, maana ndiyo iliyowalipia ada wengi wenu humu ukumbini.

Zamani aliyempunja mkulima alikuwa na sura. Mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya utaratibu, alikuja mwenyewe hadi uani na chombo chake cha kupimia, kipindi cha njaa, wakati mtoto anadaiwa ada. Chombo kikubwa, bei ndogo, na mama mwenye nyumba alilijua hilo. Ilikuwa dhuluma na siitetei hata kidogo. Lakini aliyedhulumiwa alimjua aliyemdhulumu, kwa jina na kwa kijiji.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, ulikuja kuondoa dhuluma hiyo, na mimi ni mtetezi wake. Ila tazameni jinsi kazi ilivyogawanyika. Mkulima anapeleka gunia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, karani anapima. Mzigo unapakiwa hadi ghala kuu, huko kuna mizani nyingine. Mkaguzi wa ubora anachukua sampuli, anazikata korosho katikati, anatenga mbovu, anapima viini, kisha anatoa jibu la ratili (pauni) za kiini kwa kila gunia la kilo 80. Unafuata mnada, ambao siku hizi unafanyika kwa mtandao. Halafu mhasibu na mjengeko wa bei, yaani makato yanayotolewa kabla mkulima hajalipwa: ushuru, usafiri, gharama za ghala, za chama. Mwisho ni benki.

Sasa chukulieni mama mmoja amepeleka kilo 200, na fedha zilizoingia ni za kilo 188. Anamwendea karani. Karani anasema mzigo ulipungua njiani. Dereva anasema alishusha alichopakiwa. Mwendesha ghala anasema korosho zilikuja na unyevu. Mhasibu anasema yeye hulipa kilichoandikwa. Benki inasema imeingiza ilicholetewa. Kila mmoja ana karatasi yake, na kila karatasi ina mhuri. Inawezekana kabisa hakuna aliyeiba, ni unyevu kweli. Linaloniuma ni kwamba watu watano wamesema "hilo si la kwangu", wote wamesema kweli, na mama amepanda gari kurudi kijijini bila jibu.

Hoja yangu ni hii. Utaalamu ni kujua jambo ambalo mwenzako hawezi kulikagua. Mama yule hawezi kusoma kipimo cha unyevu, ndiyo maana tukamweka mkaguzi. Basi kadiri anayekutegemea anavyoshindwa kukukagua, ndivyo wajibu wako unavyozidi uzito. Wengi wetu tunafundishwa kinyume chake: nikibaki ndani ya mipaka ya kazi yangu, niko salama. Lakini barua ya ajira inakwambia ufanye nini tu. Anayefanyiwa kazi hiyo humwoni ndani yake. Lazima umtafute mwenyewe.

Mwaka 1960 huko Marekani, Dk. Frances Kelsey, akiwa mgeni kazini katika mamlaka ya dawa, alikabidhiwa jalada la thalidomide. Ilikuwa dawa ya usingizi, ikatumiwa pia na wajawazito kutuliza kichefuchefu, na Ujerumani ilikuwa ikiuzwa tangu 1957. Kampuni ilimsukuma sana aidhinishe. Kelsey hakujua kwamba dawa ile inamharibu mtoto tumboni. Alichojua ni kwamba ushahidi aliopewa haukutosha, akaendelea kudai mwingine, na saini hakutia. Mwishoni mwa 1961 dawa ikaondolewa sokoni Ujerumani, baada ya maelfu ya watoto duniani kuzaliwa na mikono na miguu iliyodumaa. Hakuandamana, hakuvunja mlango wa mtu. Alisoma jalada, kazi ile ile aliyoajiriwa kuifanya, akikumbuka kwamba mwishoni mwa jalada kuna mtu atakayemeza kidonge.

Mtaniambia: mzee, dunia inakwenda mbio, sheria zenyewe hazijaandikwa. Ni kweli. Tazameni mikopo ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tumeipata 2022, na mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ikatangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kabla ya hapo wangapi walishaaibishwa? Programu ya kuchota namba zote kwenye simu ya mkopaji iliandikwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Ujumbe wa deni uliotumwa kwa mkwe wa mtu, kuna aliyeutunga. Hivi kweli tulihitaji Bunge litwambie kwamba kumtangaza mtu ukweni ni kumvua nguo?

Mengine hata aibu hayana, huja polepole. Salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, huokoa maua mwaka huu, lakini ikishuka ardhini huongeza tindikali. Udongo utakapoanza kulalamika, mshauri aliyeelekeza kipimo ameshahamishwa kituo. Wanaosomea kilimo, andikeni mlichoshauri na mkiache ofisini, anayewafuata akikute.

Msimu unafunguliwa Oktoba, na baadhi yenu mtakuwa makarani na wakaguzi. Msomee mkulima uzito kwa sauti mbele yake. Ukikata kilo, mweleze sababu kabla hajaondoka. Ukiambiwa usaini kipimo ambacho hukukiona, andika barua fupi yenye tarehe, ueleze kwa nini hukusaini, nakala ubaki nayo. Najua mkataba ni wa miezi michache na nyumbani wanakutegemea. Kwa hiyo siwezi kuwatwika vijana peke yao mzigo huu. Ninyi wakuu mlioketi mstari wa mbele, barua hiyo itafika mezani kwenu. Msimjibu kijana kwa kumkatizia mkataba. Nendeni naye hadi kwenye mizani, pimeni upya, na mumjibu kwa maandishi, apate cha kumweleza mkulima.