Kukwangua Ugaga: Daktari Asimame Wapi?

Mwangaluka! Naona wa Ukerewe mmewahi viti vya mbele, na nyie ndio mliopanda meli. Sisi wa Nyegezi tumefika tunatweta. Asante, mwenyekiti, na shikamooni walimu wangu.

Nimeombwa nizungumzie sheria zinazoamua nani aguse kinywa cha mgonjwa na aishie wapi. Nianze na ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno.

Mvuvi mmoja wa visiwani alikaa kwenye kiti changu, ugaga umejaa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ndipo tezi za mate zinapomwaga, kwa hiyo ndipo utando wa vijidudu unapoganda haraka kwa madini ya mate. Meno manne yalikuwa yameshikana kama ukuta. Nikakwangua taratibu kwa mkono, kipande kikadondoka kwenye bakuli la chuma: ti! Akashtuka. "Daktari, umening'oa jino?" Nikamwonyesha. Akakigeuzageuza, akakiomba, akakitia mfuko wa shati akamwonyeshe mkewe.

Kazi ile Marekani ina mtu wake maalumu: haijinisti, mtaalamu wa usafi wa kinywa. Alianzishwa na daktari wa meno wa Bridgeport, Connecticut, Alfred Fones, aliyechoka kuziba meno ambayo yangeweza kulindwa. Mwaka 1906 alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa, mwaka 1913 akafungua shule, na mwaka 1917 Newman akapata leseni. Tangu hapo mabishano hayajaisha. Si kwamba haijinisti hajui kusafisha. Hilo hakuna anayelibisha. Ubishi ni daktari awe wapi wakati anasafisha. Kuna jimbo linalotaka daktari awe ndani ya jengo, lingine linatosheka na idhini yake hata akiwa nyumbani kwake. Colorado ilimruhusu haijinisti kufungua kliniki yake mwenyewe tangu miaka ya themanini. Sindano ya ganzi nayo ina historia yake: jimbo la Washington liliwaruhusu kuichoma mwaka 1971, majimbo mengine yakachelewa miongo kadhaa. Kinywa ni kilekile, ganzi ni ileile.

Kisa kinachonikera zaidi ni cha South Carolina. Watoto wengi wa familia maskini kule walikuwa hawafiki kwa daktari wa meno. Mwaka 2000 bunge la jimbo likaondoa sharti la daktari kumpima mtoto kwanza, ili mahaijinisti wawafuate watoto shuleni, wawasafishe, wapake floraidi, dawa ya kulinda meno yasioze, na kuziba mifereji ya magego kabla hayajatoboka. Wakaenda. Mwaka 2001 bodi ya meno ya jimbo, iliyojaa madaktari wa meno, ikatoa kanuni ya dharura ikilirudisha sharti lilelile. Dharura gani, mtoto kupakwa floraidi? Tume ya shirikisho inayosimamia ushindani wa biashara iliishtaki bodi hiyo mwaka 2003, na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 2007. Mimi nasoma hivi: mtoto asiyeonwa na daktari, ukimwekea sharti la kuonwa na daktari kwanza, umemwambia akae nyumbani.

Uingereza walilegeza Mei 2013, mgonjwa akaweza kwenda moja kwa moja kwa haijinisti. Ila ganzi iliendelea kuhitaji maandishi ya mwenye mamlaka ya kuandika dawa hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2024. Ulikuwa unaonwa bila daktari, unachomwa kwa karatasi yake!

Turudi ziwani. Kwetu tabibu wa kinywa na meno kama mimi, ambaye si daktari wa meno, anang'oa, anaziba, anachoma ganzi, anasafisha. Haijinisti wa Marekani mwenye shahada akikuona unang'oa gego zahanatini bila daktari jirani, atadhani unavunja sheria. Wewe hujavunja kitu, umesajiliwa, na sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi inakutambua. Tulianza na uhaba, wao walianza na kliniki ya daktari, ndiyo maana mipaka haifanani. Na uhaba umetufundisha mengi: mbinu ya kuondoa uozo kwa zana za mkono na kuziba jino bila umeme ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya themanini, ikaenda dunia nzima.

Msije mkadhani nasema kila mtu afanye anachotaka. Nina jambo langu la kusimulia, na si la kujivunia.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, kituo sikitaji. Mama akaleta mtoto wa miaka sita, magego mawili ya juu yanacheza. Nikajiambia umri wa kung'oka meno huo. Nikayang'oa, mtoto hakulia hata. Lakini wanafunzi mnajua: kwa miaka sita yanayolegea ni ya mbele. Magego hayana sababu ya kucheza. Baada ya wiki mbili alirudi shavu limefura, jicho limeanza kusukumwa. Ilikuwa Burkitt, saratani inayokua haraka kuliko karibu zote, na ukanda wetu huu wa malaria ndio kwao. Akapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, akatibiwa kwa dawa, akapona. Wiki zile mbili zilikuwa zangu.

Sasa niulizeni: kanuni ipi ingemsaidia yule mtoto? Daktari awepo chumba cha pili? Hakukuwa na daktari wa meno wilaya nzima. Kunikataza kung'oa? Basi wenye meno yaliyooza wangebaki na usaha. Kilichokosekana ni mstari mmoja ulioandikwa: ukiona hiki, weka koleo chini, andika rufaa. Baraza la Madaktari Tanganyika likikaa na vyuo kupanga mipaka ya kada zetu, kurasa nyingi zaidi ziende huko. Muda mwingi tunabishana nani aguse, na kidogo mno nani asiguse lini, na simu ya rufaa anaipokea nani saa nne usiku kivuko kikiwa kimelala.

Pale ninapofanyia kazi leo nimebandika karatasi ukutani kwa plasta ya kidonda, mwandiko wangu mbaya: gego la mtoto linalocheza bila kuoza. Kidonda cha mdomoni kilichopita wiki mbili. Fizi zinazovuja damu zenyewe, mgonjwa anakonda. Taya linalofura bila jino bovu. Uvimbe wa chini ya ulimi unaozuia kumeza. Chini kabisa namba ya simu, nimeshaifuta na kuiandika upya mara tatu kwa sababu anayepokea huhamishwa.