Ripoti ya Kijiji Isiuzwe kwa Kijiji

Takwimu za sensa za kata yetu zichapwe na zibandikwe kijijini, bure. Mmenisikia nikilisema hili mara nyingi, na mtanisikia tena mpaka lifanyiwe kazi.

Sensa ya 2012 ilitukuta Kilimanjaro watu 1,640,087. Ya 2022 ikatukuta 1,861,934. Tumeongezeka, ndiyo, lakini hatufiki hata 14 kwa kila 100, wakati nchi nzima imeongezeka 37. Vijana mnajua walipo, mnawaona Desemba tu. Huko juu kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, amebaki bibi na mjukuu na migomba isiyopaliwa. Hayo siwaelezi, mnaishi nayo.

Ninachodai ni karatasi. Mzee mmoja alitaka takwimu za kata yake, watoto wangapi wamebaki, apate hoja ya kupinga shule kuunganishwa. Akaambiwa zipo mtandaoni, bure. Bure! Akashuka na daladala hadi Moshi mjini, akaingia stesheneri. Kijana akafungua faili, likagoma, bando limekata. Likanunuliwa jingine, kwa hela ya mzee. Faili likafunguka: kurasa mamia. "Nikuprintie zipi, mzee?" Atajuaje? Wakaprinti jalada, dibaji na jedwali la mkoa mwingine. Alinionyesha. Jalada lina rangi, na rangi bei yake mnaijua. Nauli ya kurudi alimbembeleza konda.

Kuna atakayesema uchapaji una gharama, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaruhusu ada. Inaruhusu, haikulazimishi! Karani wa sensa alipokuja na kishikwambi kutuuliza mpaka choo chetu ni cha aina gani, nani alimtoza? Tulijibu bure. Halafu vishikwambi vile vile wakapewa walimu. Basi mwalimu afungue ukurasa wa kata yake, mtendaji auchape: karatasi mbili, ubaoni pale ofisi ya kijiji, kabla ya mkutano mkuu wa kila miezi mitatu. Tangazo la mnada mbona hubandikwa siku hiyo hiyo?

Nilikuwa na la pili, maandishi makubwa kwa wazee, na la tatu, redio... naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, redio siku nyingine.

Mheshimiwa diwani, usitafute mlango, nimekuona. Fungu la karatasi hizo mbili kwenye bajeti ya halmashauri lipo au halipo? Jibu moja tu, halafu twende tukale.